Dada Bendera na Panga Lililopanda

Kabla sijasema lolote, ujue kwamba katika ukoo wetu hakuna anayeujua upepo kama mimi. Natengeneza feni. Za darini, za ukutani, za kusimama, hata zile ndogo za mezani ambazo watu wanazitupa, mimi nazifufua. Mtaani wananiita Upepo na sijawahi kulikataa hilo jina. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha mimi, hilo bado hatujakubaliana. Lakini habari hii si yangu. Ni ya dada yangu, mtu wa pili kwa kuujua upepo, na hata hiyo nafasi ya pili nilimshika mkono mimi.

Dada ndiye kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Katikati hapo walizaliwa watu wa kawaida tu. Ana mabega mapana, mikono mirefu, na akisimama mlangoni lazima usubiri atoke ndipo mwanga uingie. Anafanya kazi kwenye karakana ya helikopta, kule mwisho wa uwanja mdogo wa ndege. Sakafu imepakwa rangi ya kijivu, ukidondosha tone la mafuta unafuta wewe mwenyewe. Ukutani kila spana ina kivuli chake kilichochorwa, ili isiporudi mahali pake kivuli kikusute. Helikopta ziko mbili, ndogo. Zinanyunyiza dawa mashambani na kukagua nyaya za umeme.

Pale kazini dada haitwi kwa jina lake. Anaitwa Bendera.

Nikueleze kwa nini, maana bila hilo utabaki unatikisa kichwa tu. Kila helikopta pale ina mapanga mawili, na kila panga ni refu kuliko sebule yangu, na sebule yangu si ndogo, muulize yeyote. Mapanga yakizunguka, ncha zake zinatakiwa zipite njia moja, kama watu wawili wanaokanyaga nyayo zilezile. Moja likipita juu ya mwenzake, hata kwa unene wa vidole viwili, mashine inaruka kama punda mwenye kichomi. Sasa utajuaje lipi limepanda, wakati mapanga yakishika kasi huoni panga, unaona ukungu?

Unapaka ncha ya panga moja chaki nyekundu, ya pili chaki ya buluu. Unachukua mlingoti mrefu wenye kitambaa cha turubai kilichokazwa wima. Mashine inawashwa, mapanga yanashika kasi yote, na mtu mmoja anasogea na ule mlingoti taratibu, taratibu, mpaka kitambaa kibusu zile ncha. Kidogo tu. Kisha anarudi nyuma. Kwenye kitambaa utakuta alama mbili. Nyekundu na buluu zikilaliana, mambo safi. Zikiachana, iliyo juu ndiyo ya panga lililopanda.

Kazi hiyo si ya mtu mwenye kikohozi. Ukisukuma zaidi ya busu, panga linakula mlingoti, na wewe linakuonja. Wanaume walijaribu wakatetemeka. Dada alisogea mara ya kwanza kama anayepeleka chai mezani, akabusisha, akarudi. Tangu siku ile ni Bendera. Kitambaa chenyewe anakishona mume wake, shemeji yangu, fundi cherehani. Shemeji husema wanaume wengine wanawashonea wake zao magauni, yeye anamshonea wake kitambaa cha kupigwa na helikopta.

Ukishajua panga lililopanda, unapanda ngazi hadi kitovuni, pale mapanga yanaposhikwa. Kila panga lina fimbo fupi ya chuma inayolipa pembe yake. Zungusha nati, fimbo inarefuka, panga linainua pua, linapanda. Ifupishe, panga linashuka. Kuna na kitu cha pili. Kwenye ukingo wa nyuma wa panga, karibu na ncha, limebanwa bati la ukubwa wa kiganja. Wanaliita ulimi. Ukikunjwa juu kidogo, panga linapanda. Ukikunjwa chini, linashuka.

Dada hakuupenda ulimi. Kuukunja kunataka kipimo maalumu na subira, na ukiukunja hovyo bati linachoka, linapasuka. Fimbo ni nati na spana tu. Kwa hiyo panga likipanda, yeye spana. Likishuka, spana. Miaka nenda rudi, alama zinalaliana, watu wanaenda nyumbani.

Halafu bosi wa karakana akawaita wote. Alikuwa mzee mwenye sauti ya kubembeleza, na akibembeleza ujue kuna mtu anaumia. Akasema kuanzia msimu unaokuja, hakuna atakayegusa mapanga bila leseni. Asiye nayo atahamia kwenye kuosha mashine.

"Yaani mimi, mzee?" dada akauliza.

"Sikukutaja, mwanangu."

"Humu ndani asiye na leseni ni nani mwingine?"

"Basi kama ni peke yako, umejitaja mwenyewe."

Kwa hiyo ikawa leseni au ndoo. Na leseni ilikuwa na mtihani wa mdomo wa mapanga: yanapandaje, yanatikisika kwa nini. Dada alishaanguka mara mbili. Mtu anapewa nafasi tatu, basi. Ukianguka ya tatu, hutarudi tena mpaka unazikwa.

Mara ya kwanza mtahini, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, alimwuliza, "Helikopta ikienda mbele, panga la upande mmoja linakwenda mbele pamoja nayo, la upande wa pili linarudi nyuma. Lile la mbele linapata upepo mwingi, lile la nyuma kidogo. Kwa nini helikopta haipinduki?"

Dada akajibu, "Kwa sababu nimeirekebisha mimi."

Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Mara ya pili alikariri kitabu kizima, akakimwaga chote kama mtu anayemwaga maji ya dobi. Mtahini akasikiliza, akavua miwani, akasema, "Vizuri. Sasa nieleze kwa mdomo wako." Dada akakaa kimya mpaka ikawa aibu ya watu wote chumbani.

Sasa ndipo nilipoingia mimi. Alikuja kibandani kwangu na kitabu chake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akainua macho kwenye feni ya darini.

"Nifundishe," akasema.

"Rudia tena, sikusikia vizuri."

"Umesikia, Upepo. Usinichokoze."

Nikawasha feni. Nikamwambia, mwone huyu. Panga lake limelala mshazari, linaparuza hewa na kuitupa chini. Hewa haipendi kutupwa, nayo inalisukuma panga juu. Kama feni hii isingefungwa darini na kama mota isingekuwa nzito, ingekuwa inatembea juu ya paa sasa hivi. Helikopta ni feni yenye hasira na injini kubwa. Nikamwonyesha panga refu la feni ya ghala niliyokuwa naitengeneza, lilivyosokotwa: karibu na kitovu limeinama sana, nchani limeinama kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kitovuni panga linatambaa, nchani linakimbia. Anayekimbia hahitaji kuinama sana kupata upepo. Ukimwinamisha kupita kiasi, hewa inamkatikia mgongoni, badala ya kupanda anabaki kuvuta tu.

"Hilo nimelisoma," dada akasema.

"Umelisoma, lakini hukulielewa. Sasa umelielewa. Sema asante."

"Feni yako imefungwa darini, haiendi popote. Yangu inaenda mbele. Matatizo yangu yanaanzia pale ya kwako inapoishia."

Nikaipunguza feni mwendo kidogo. Kidogo tu.

Jioni ile tulikwenda kwake. Shemeji alikuwa anapima suruali, kwenye meza kuna kipande cha chaki, mkasi, na fimbo ya mbao ya kupimia nguo. Dada akaichukua ile fimbo, akaiweka katikati juu ya kibiringo cha uzi, ikawa kama bembea, ncha huku, ncha huku. Mapanga yao mawili yameshikwa hivyohivyo: moja likipanda, mwenzake anashuka.

"Hili linakwenda mbele," akasema, akagusa ncha moja. "Linakutana na upepo uso kwa uso. Hili linaukimbia. Lenye upepo mwingi linataka kupanda."

"Si ndiyo itapinduka?" shemeji akauliza, pini zimejaa mdomoni.

"Subiri. Liache lipande." Akainua ncha ile, ya pili ikashuka. "Likiwa linapanda, hewa inaonekana kama inalijia kutoka juu. Linapoteza pembe. Nguvu inapungua. Na hili linaloshuka, hewa inalijia kutoka chini, linapata pembe zaidi. Nguvu inaongezeka. Yanagawana. Haipinduki kwa sababu yameachiwa yapige mbawa."

Alikuwa anajieleza mwenyewe, si sisi. Shemeji akatema pini moja moja kwenye kiganja. "Kumbe ni kama ndoa," akasema.

"Ndoa yako, si yangu," dada akajibu, lakini alikuwa anatabasamu. Akairudia ile bembea tena na tena, mpaka shemeji akaomba fimbo yake arudi kwenye suruali ya watu.

Hapo mimi niliona tumeshafaulu. Nilishaanza kuwatangazia mtaani. Kumbe mambo bado.

Rubani wao anaitwa Kimya. Si kwamba hasemi, bali akisema unajuta kwa kuwa umemlazimisha. Wiki ile alirudi kutoka kukagua nyaya, akashuka, akamwambia dada, "Inatikisika."

"Wapi?"

"Ikienda mbele. Nikisimama hewani imetulia. Nikiongeza mwendo inaanza kurukaruka. Kiti kinanipiga makalio."

Dada akapaka chaki, akatoa bendera. Mapanga yakashika kasi, akabusisha, akarudi. Nyekundu na buluu zimelaliana kama pacha tumboni.

"Hakuna kitu," akamwambia Kimya.

"Kipo."

"Bendera haiongopi."

"Na makalio yangu hayaongopi."

Akapanda ngazi, akazungusha nati kidogo hata hivyo, ili mtu asiseme hakufanya kitu. Kimya akaruka, akarudi, akasema sasa inatikisika hata ikisimama hewani. Dada akairudisha nati ilipokuwa. Wakabaki hivyo, kila mmoja anamwona mwenzake ana kichwa kigumu. Na mtahini alikuwa anakuja siku chache zijazo, na bosi alishasema kwa sauti yake ya kubembeleza kwamba ataletewa mashine hiyohiyo inayotikisika, "ili tujifunze sote."

Dada akaja kwangu akiwa amevimba. "Nimebakiwa na sura moja sijaisoma sawasawa," akasema. "Ya ulimi."

"Ulimi unao, na mrefu."

"Upepo, nikianguka safari hii naenda kuosha mashine ambazo nimezishika miaka yote. Watakaozirekebisha watanipa mimi ndoo, waniambie hapa pana tope. Acha mzaha kidogo."

Nikaacha. Kidogo. Nikachukua panga la feni lililobaki pweke, wenzake walikufa zamani. Nikakata kipande cha bati la kopo, nikakibana kwa ribiti kwenye ukingo wake wa nyuma, karibu na ncha. Nikakikunja juu, kidogo sana, huwezi kukiona mpaka uinamishe kichwa. "Panda pikipiki," nikamwambia. "Nyuma."

Tukatoka hadi barabara iliyonyooka pale nyuma ya maghala, ambapo magari ni machache. Mimi naendesha, dada nyuma, ameshika panga kwa upande wa kitovu, limenyooka pembeni kama bawa. Waliotuona walisimama. Mzee mmoja akatoa kofia, sijui alifikiri ni nini. Sikujali, mimi nimezoea kutazamwa.

Kwanza taratibu. "Unaona nini?" nikapiga kelele.

"Linavutavuta juu kidogo."

"Liinamishe pua mpaka litulie."

Akakunja kifundo cha mkono, panga likatulia. Halipandi, halishuki. "Limetulia," akasema. "Ni kama halina ulimi."

"Usibadilishe mkono. Shika hivyohivyo." Nikaongeza mwendo.

Nikaongeza tena. Upepo ukawa unanipiga machoni. Nikamsikia nyuma yangu, si kelele, bali pumzi ya mtu aliyebeba gunia. Pikipiki ikaanza kuelemea upande. Nikapunguza, nikasimama kando ya barabara.

Dada alikuwa anatazama mkono wake. Panga lilishapanda mpaka juu ya kichwa chake, kiwiko kimeinuka nalo.

"Mkono sikuusogeza," akasema.

"Najua."

"Kifundo kilikuwa palepale. Lakini lilijisokota. Pua imeinuka yenyewe."

"Ulimi huo."

"Tulipokuwa taratibu niliushinda kwa kuinamisha. Tulipokimbia ukanishinda." Akalishusha panga, akaligusa lile bati kwa kidole gumba. "Mkono wangu ndiyo fimbo. Fimbo inaweka pembe na kuiacha hapo. Ulimi hauachi. Upepo ukiongezeka, unalisokota panga zaidi."

Nikataka kusema ndivyo nilivyomfundisha, lakini alikuwa ameshakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na dada yangu hakai chini ovyo.

"Wakati wa kuosha," akasema, "majuzi, ngazi iliegemea panga jekundu, nadhani ikaukunja ulimi. Nilipopima, jekundu likawa limepanda. Sikuutazama ulimi. Nilichukua spana nikafupisha fimbo mpaka alama zikalaliana. Nikasaini kwamba iko sawa. Makosa mawili yakakumbatiana, na mimi nikayapigia makofi."

"Sasa si umejua? Hiyo ndiyo furaha."

"Pale chini, mapanga yanapata upepo wa kuzunguka tu. Yakienda mbele, upande mmoja unaongezewa upepo wa safari. Ulimi unaamka. Kimya alikuwa anasema kweli muda wote. Na nilimwita mwongo mbele ya watu."

Tulirudi bila panga kunyooshwa pembeni. Alilikumbatia kifuani.

Siku ya mtihani na mimi nilikuwepo karakana, maana feni yao kubwa ya ukutani ilikuwa imechoka. Nilikuwa nimeifungua mwenyewe siku iliyotangulia ili ichoke vizuri. Nikawa juu ya ngazi yangu, natazama.

Mtahini akamwuliza lile swali la kwanza, la kupinduka. Dada akatandaza mikono miwili kama bembea, akaeleza kama alivyomweleza shemeji, ila bila ndoa. Mtahini hakuandika kitu, akasikiliza tu. Akamwuliza kuhusu kusokotwa kwa panga, akajibu: kitovuni linatambaa, nchani linakimbia. Nilikohoa kidogo hapo juu. Hakuna aliyeinua macho.

"Sasa mashine hii," mtahini akasema. "Rubani anasema inatikisika. Nionyeshe."

Chaki nyekundu, chaki ya buluu. Injini ikaunguruma, sote tukaziba masikio. Dada akasogea na mlingoti, akabusisha, akarudi. Mapanga yaliposimama wakakusanyika kwenye kitambaa. Alama moja imelalia nyingine.

"Zimelaliana," mtahini akasema. "Kwa hiyo mashine iko sawa."

Bosi akasogea karibu. Kimya alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono. Dada angekubali tu, nani angejua? Kitambaa kile pale, ushahidi wa macho.

"Haiko sawa," dada akasema.

"Bendera yako inasema iko sawa, fundi."

"Inasema kweli ya hapa chini. Ya huko juu haijafika." Akaenda kwenye panga jekundu, akaweka kipimo kwenye ulimi, akamwonyesha. "Umekunjwa juu kupita kipimo. Unalipandisha panga. Na fimbo yake imefupishwa, inalishusha. Hapa chini zinatoshana nguvu. Ikienda mbele, upepo unazidi, ulimi unalisokota panga, fimbo haiwezi kujiongeza. Jekundu linapanda, mashine inaruka."

Mtahini akavua miwani, akapima mwenyewe. Akaivaa tena. "Nani alifupisha fimbo badala ya kurudisha ulimi?"

Hata mimi nilishikilia panga la ile feni lisilie.

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Fimbo ilikuwa rahisi. Na alama zikilaliana mtu hakuulizi zaidi."

Bosi akakohoa kikohozi kirefu. Mtahini hakumtazama. "Irekebishe," akamwambia dada.

Ikachukua muda. Ulimi haukunjwi kwa haraka: anakunja nusu ya ukucha, anapima, anakunja, anapima. Akaulinganisha na wa panga la buluu. Ndipo akapanda kitovuni na kurudisha fimbo. Bendera ya kwanza, alama ziliachana. Akagusa nati. Ya pili, zikalaliana. Kimya akaingia, mtahini naye akaingia, akakaa kiti cha pembeni. Wakapaa, wakaelekea mbali mpaka sauti ikapotea. Dada alisimama pale nje na spana mkononi, hakukaa, hakunywa maji. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, hakusikia.

Waliporudi, Kimya alishuka wa kwanza. Dada akamtazama.

"Makalio yanasemaje?" akamwuliza.

"Yamenyamaza," Kimya akasema. Akapita, kisha akarudi hatua moja. "Asante."

"Mimi ndiye wa kukuomba radhi."

"Ulishaomba. Nimekaa juu yake."

Mtahini alimwambia amefaulu bila kupamba. Alimshika mkono, akamwambia kwamba mafundi wengi wanaojua kubusisha bendera wanaishia hapo, akaomba chai. Nikashuka ngazini kumpongeza mwanafunzi wangu, akanipisha kwa bega kama mlango.

Na sasa nikwambie sehemu ambayo mimi mwenyewe sikuitegemea.

Chai haijapoa, bosi akaja na tabasamu. Helikopta ya pili ilikuwa inatakiwa kuondoka mchana ule kwenda kunyunyizia mashamba ya mbali, safari ya kukimbia sana angani. Akasema leo itakuwa heshima kubwa sahihi ya kwanza ya Bendera mwenye leseni iwe kwenye mashine hiyo.

Dada akaweka kikombe chini. Akachukua kipimo, akapanda ngazi, akapima ulimi wa panga moja, akahamia la pili. Akashuka.

"Hairuki, mzee."

"Mwanangu, juzi uliikubali wewe mwenyewe. Hapa, kwa mkono wako."

"Juzi sikuwa na leseni."

"Haijawahi kutikisika hata siku moja."

"Kwa sababu inanyunyiza mashamba ya hapa karibu, inakwenda polepole. Leo mnataka ikimbie. Hii nayo niliitengeneza kwa spana peke yake."

Bosi akamgeukia mtahini, labda atasaidiwa. Mtahini alikuwa anapuliza chai yake. "Sahihi ni yake," akasema.

"Wenye mashamba wanasubiri," bosi akamwambia dada, na sauti ya kubembeleza sasa ilikuwa imemwisha. "Nitawaambia nini?"

"Waambie fundi wa mapanga ameikataa. Wakiuliza ni nani, wape jina langu lote, siyo Bendera." Akakunja mikono ya ovaroli, akapanda tena ngazi, akaanza kulegeza nati ya kwanza kitovuni. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama pale chini, mikono mfukoni, nikitafuta maneno ya kujisifu.

"Upepo," akasema. "Feni ya watu umeiacha wazi. Na ukimaliza, njoo unishikie ngazi, isiegemee panga."